Mvua ya Aina Gani Itanyesha Kimuka?

Barabara moja inatosha kueleza jinsi Kenya inavyotabiri hali ya hewa. Inapita Dagoretti Corner jijini Nairobi, yaliko makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ambako puto lenye vifaa hurushwa angani kupima joto, unyevu na upepo katika kila tabaka la hewa. Inapanda hadi mji wa Ngong, inashika njia ya Suswa, na pale Kibiku inapita ICPAC, kituo cha shirika la IGAD kinachotabiri misimu ya mvua kwa nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Mbele kidogo, vilima vya Ngong vikiwa vimebaki mgongoni, ni Kimuka: maboma ya wafugaji, viwanja vilivyozungushiwa nyaya, na reli ya SGR inayochomoza kutoka kwenye handaki refu lililotobolewa chini ya vilima.

Ni vigumu kupata wafugaji wengine Afrika Mashariki wanaokaa karibu hivi na wataalamu wa mvua. Hata hivyo mfugaji wa Kimuka, sawa na mwenzake wa Mashuuru au Magadi, mara nyingi hupata utabiri kwa sentensi ileile inayosomwa kwenye taarifa ya habari: mvua itakuwa juu ya wastani, au chini ya wastani, katika nyanda za chini za kusini mashariki. Nyanda hizo ni Kajiado, Machakos, Makueni, Kitui na sehemu ya Taita Taveta. Kajiado peke yake ina kilomita za mraba zinazokaribia 21,900. Inashuka kutoka takribani mita 2,460 kwenye kilele cha vilima vya Ngong hadi karibu mita 600 kando ya Ziwa Magadi. Bonde la Amboseli hupata milimita 300 hivi za mvua kwa mwaka; miteremko ya Ngong na ile ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok inaweza kupata hadi 1,250. Hata vilima vya Ngong vyenyewe vina sura mbili, kwa sababu upande wa mashariki unaotazama Nairobi hunyeshewa vizuri, na upande wa magharibi, uliko Kimuka, huachiwa upepo mkavu unaoteremka Bonde la Ufa. Sentensi moja haiwezi kuwafaa watu wote hao.

Tatizo si ujuzi wa wataalamu. Tatizo ni kwamba nchi imelipia sehemu ya kwanza ya kazi, ya kujua kama mvua itakuja, na bado haijalipia vya kutosha sehemu ya mwisho: kusema itakuwa mvua ya aina gani, itaangukia wapi, itamfanya nini mtu, mnyama na barabara, na kulisema hilo kwa lugha ya bomani mapema, mwenye mifugo akiwa bado na la kufanya.

Watabiri wa nchi za baridi wanalijua swali la aina ya mvua kwa uchungu. Huko, dhoruba moja ya majira ya baridi inaweza kuleta theluji katika mji mmoja, chembe ngumu za barafu katika mji wa pili, na katika mji wa tatu mvua ya maji inayoganda papo hapo ikigusa lami, waya au tawi la mti. Wingu ni lilelile. Kinachotofautisha miji hiyo ni tabaka la hewa vuguvugu lililojipenyeza kilomita moja au mbili juu ya ardhi. Theluji ikipita humo huyeyuka na kuwa tone. Tone likikuta chini yake hewa nene yenye baridi kali, huganda tena kabla ya kutua. Likikuta hewa nyembamba ya baridi, hufika chini likiwa bado maji na kuganda juu ya kitu cha kwanza linachokigusa. Hitilafu ya nyuzi moja au mbili za joto katika hesabu ya mtabiri inatosha kugeuza siku ya watoto kucheza na theluji kuwa siku ya nguzo za umeme kuanguka.

Januari 1998 nguzo hizo zilianguka kweli. Kwa siku tano au sita mvua ya kuganda ilinyesha juu ya Quebec na mashariki mwa Ontario nchini Canada, ikafika kaskazini mashariki mwa Marekani. Sehemu nyingine za kusini mwa Montreal zilipata zaidi ya milimita 100 za mvua hiyo. Minara ya chuma iliyobeba nyaya za umeme ilijikunja chini ya uzito wa barafu, nyumba zaidi ya milioni moja zikakosa umeme katikati ya baridi, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Wakenya wana sababu yao ya kuukumbuka msimu huo. Ulikuwa msimu wa El Niño ya 1997 na 1998, ambayo iliikata barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi, ikasomba madaraja, na kuacha maji yaliyotuama kaskazini mashariki ambayo yalizaa mlipuko mkubwa wa Homa ya Bonde la Ufa. Bahari ya Pasifiki ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida, na watu wa Garissa na wa Montreal walitazama mbingu mwezi mmoja kwa hofu zisizofanana kabisa. Kujua tu kwamba "El Niño inakuja" hakukumwambia hata mmoja wao ajiandae kwa kitu gani.

Barafu pia si mgeni juu ya Kajiado. Juu ya Kenya, hewa hufikia kiwango cha kuganda katika kimo cha karibu mita 4,800 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama kileleni mwa Ngong mchana wa Aprili na kutazama wingu jeusi la radi, kiasi cha kilomita mbili na nusu tu juu ya kichwa chako pana theluji na chembe za barafu zinazozunguka ndani ya wingu hilo. Sehemu kubwa ya mvua kali inayopiga mabati ya Kitengela ilianza safari ikiwa barafu na kuyeyuka njiani. Siku ambazo upepo wa ndani ya wingu una nguvu ya kuzishikilia chembe hizo juu hadi zinenepe, hazipati muda wa kuyeyuka, na kinachofika chini ni mvua ya mawe inayotoboa plastiki za mabanda ya maua ya Isinya na kulaza mahindi.

Septemba 2008 wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, waliamka kukuta mlima wao umefunikwa weupe. Watoto walitoka kuurushiana. Wengi waliamini ni theluji, na picha zilienea duniani kote. Idara ya Hali ya Hewa ikaeleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe yaliyokuwa madogo na mengi kiasi cha kushikana na kufanya zulia moja. Kericho na Nandi nazo zina sifa ambayo hakuna mkulima wa chai anayeifurahia: Kericho iliwahi kuandikiwa siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, idadi ambayo kwa miongo mingi imetajwa kuwa kubwa kuliko ya mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1960 mashamba ya chai yalirusha roketi mawinguni kujaribu kuipunguza. Baadaye watafiti wakadai kwamba hata vumbi la majani makavu ya chai, likipeperushwa juu, huweza kuwa kiini ambacho barafu hujishikiza. Nchi yenye historia kama hiyo haina sababu ya kuzungumzia mvua kana kwamba ni kitu kimoja kinachopimwa kwa wingi tu.

Mfugaji ndiye anayelijua hili kuliko wote. Ipo mvua ambayo haionekani hatari kwenye chati yoyote, na ambayo wafugaji wa Umaasaini huiogopa: mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu. Ng'ombe aliyekaa miezi akila nyasi kavu amemaliza mafuta mwilini. Manyoya yake yakilowa usiku, upepo ukashuka kutoka mlimani, mwili wake hauna cha kuchoma ili kujipatia joto. Asubuhi amelala na hainuki. Kondoo na mbuzi huondoka kwa wingi zaidi. Milimita 30 za mvua ambazo kwa mwenye shamba la maharagwe ni baraka, kwa mwenye ng'ombe waliokonda ni msiba, na tahadhari ya siku tatu tu ingetosha kuwasogeza wanyama dhaifu kwenye makao, kuwatafutia nyasi, na kutowapeleka mnadani wa mbali usiku huo.

Ukame mkubwa ulioanza mwaka 2020 uliwaweka wafugaji kwenye hali hiyo kwa miaka mitatu. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ilifululiza kufeli, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa angalau miaka 40. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yalifanya ukame wa namna hiyo uwezekane angalau mara 100 zaidi. Na jambo linaloumiza ni kwamba ulitabiriwa. La Niña, yaani hali ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ilipojirudia kwa mwaka wa pili na wa tatu, ICPAC na washirika wake walionya waziwazi, miezi kabla, kwamba msimu wa tano huenda nao ukafeli. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ilikuwa ikitoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Kajiado ikiwemo. Maonyo yalikuwa mezani. Kilichokosekana ni fedha za kununua wanyama wakiwa bado na nyama, kuchukua nyasi kutoka nyanda za juu kabla bei haijapanda, na kuziba mabomba yanayovuja kabla ya foleni za mitungi. Aliyeuza mwaka 2021 alipata bei ya ng'ombe. Aliyesubiri hadi mwisho wa 2022 aliuza ngozi.

Hapa wapo wanaosema kwamba wafugaji hawasikilizi wataalamu. Hoja hiyo haiwatendei haki. Mtu anayeambiwa "mvua itakuwa juu ya wastani" na msimu ukaisha nyasi hazijaota ana haki ya kutosadiki mara ya pili. Lakini wataalamu hawakusema hivyo hasa. Utabiri wa msimu hutolewa kwa mafungu matatu ya uwezekano. Tuseme umesema asilimia 45 mvua nyingi, asilimia 35 ya kawaida, asilimia 20 ya uhaba. Maana yake ni kwamba katika misimu 20 yenye dalili kama hizo, tisa itakuwa na mvua nyingi, saba ya kawaida, na minne itakuwa mikavu. Misimu minne kati ya 20 si kitu cha kupuuza kwa mwenye ng'ombe. Utabiri huo ukishapita kwenye mikutano na vichwa vya habari, lile fungu la asilimia 20 hudondoka njiani, na mfugaji anabaki na ahadi ambayo hakuna mtabiri aliyeitoa.

Mzee wa Kimaasai anaelewa uwezekano. Maisha yake yote amefuga kwa kuhesabu uwezekano: ndiyo maana huchanganya ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ndiyo maana hugawa mifugo yake kwa jamaa walio mbali, ili mvua ikikosa huku ikawakute wengine kule. Akiambiwa wazi kwamba kuna misimu minne mikavu kati ya 20, ataamua mwenyewe auze madume mangapi. Kumficha hesabu hiyo kwa kudhani haitamuingia ni kumdharau, na dharau hiyo imewagharimu watu mali.

Tena watabiri wanapaswa kukiri hadharani tofauti ya misimu. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, hutabirika vizuri kiasi kwa sababu zimefungamana na joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, ambalo hubadilika polepole na hupimika mapema. Masika, ya Machi hadi Mei, ni mkaidi. Uhusiano wake na bahari ni hafifu, na utabiri wake wa miezi kadhaa kabla una uzito mdogo. Hili linajulikana kwa kila mtaalamu pale Kibiku. Linastahili kujulikana pia katika kila boma la Kimuka.

Oktoba 2023 nchi ilionyeshwa hatari ya kuuchezea utabiri. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mvua kubwa, El Niño ikiwa imejengeka Pasifiki na Bahari ya Hindi ikiwa na joto upande wa Afrika. Kisha Rais William Ruto akatangaza kwamba wataalamu wamesema hakutakuwa na El Niño, bali mvua nyingi tu zisizofikia kiwango cha uharibifu. Idara ikalazimika kujieleza upya. Wiki chache baadaye Mandera, Wajir, Garissa na Tana River zilikuwa chini ya maji, na kufikia Desemba watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa. Mwanasiasa ana haki ya kuamua serikali itafanya nini baada ya kuusikia utabiri. Hana haki ya kuuandika upya.

Masika ya 2024 yakaja yakiwa mabaya zaidi. Utabiri ulikuwa umeelekeza mvua juu ya wastani katika sehemu kubwa ya nchi, na safari hii ulitimia kupita kiasi: watu zaidi ya 280 walikufa nchini. Kitengela, mji uliohesabiwa kuwa na wakazi zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019, ulishuhudia Mto Athi na vijito vyake vikifurika na kuingia majumbani, na waokoaji wakiwafuata watu kwa mashua katika mitaa ambayo miaka 30 iliyopita ilikuwa mbuga ya swala na nyumbu. Alfajiri ya Aprili 29 maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye kivuko kilichoziba chini ya tuta la reli, huko Kijabe ya Kale, yalilipuka na kuteremka Mai Mahiu yakiwa na mawe na magogo. Watu zaidi ya 45 walikufa kwa dakika chache. Mvua ilikuwa imetabiriwa. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza itakwenda wapi ikishanyesha juu, na kama kuna kivuko kimeziba.

Hata nchi tajiri hufeli hapohapo. Februari 2021 watabiri wa Marekani waliona siku kadhaa kabla kwamba baridi kali ingeshuka hadi Texas, na kaunti zote 254 za jimbo hilo zikawekewa onyo la dhoruba ya theluji na barafu. Utabiri ulikuwa sahihi. Mitambo ya gesi na umeme haikuwa imekingwa dhidi ya baridi, mamilioni ya nyumba zikazimika, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuwa limetoa mwongozo tangu 2015 likizitaka idara za taifa zihamie kwenye utabiri wa athari: kuacha kuishia kwenye milimita na nyuzi joto, na kueleza ni barabara ipi itakatika, ni mtaa upi utafurika, ni nani aondoke.

Kenya iliwahi kulifanya hilo kabla mwongozo huo haujaandikwa. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1931. Virusi vyake hukaa kwenye mayai ya mbu yaliyofukiwa katika mabonde makavu, na mayai hayo huanguliwa maji yakituama kwa muda. Mwaka 2006 kundi la watafiti lililoongozwa na Assaf Anyamba, mwanasayansi Mkenya aliyekuwa akifanya kazi na NASA, lilisoma joto la bahari na kijani cha nyasi kutoka kwenye setilaiti, likatoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya mlipuko kuonekana Garissa mwezi Desemba. Chanjo za mifugo zilichelewa, na watu zaidi ya 150 walikufa nchini, lakini onyo liliwapa maafisa wa afya na wa mifugo nafasi ya kuanza kazi mapema kuliko mwaka 1997, pale ugonjwa ulipotambulika watu wakiwa tayari wanakufa. Huo ulikuwa utabiri uliosema: mvua hii, katika mabonde haya, italeta mbu hawa, ambao wataua ng'ombe na kisha watu. Mfugaji anahitaji utabiri wa sura hiyo kwa mvua ya baridi, kwa mvua ya mawe, na kwa korongo linalofurika ghafla.

Vifaa vinahitajika pia, na hapo Afrika imeachwa mbali. Takwimu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilizotajwa mwaka 2023 zilionyesha kwamba Marekani na Ulaya, zenye watu wapatao bilioni 1.1, zilikuwa na vituo 636 vya rada za mvua, huku Afrika yote, yenye watu wengi kuliko hao, ikiwa na 37. Bila rada, wingu la mawe linaloota juu ya nyanda za Athi saa nane mchana halionekani vizuri hadi limeshamwaga. Rada ni ghali. Kipimamvua si ghali. Kila shule ya msingi kati ya Kibiku na Suswa inaweza kuwa nacho, mwalimu na wanafunzi wakakisoma saa tatu asubuhi na kutuma namba kwa simu. Baada ya miaka mitano mtabiri wa kaunti atajua kinachotofautisha Kimuka na Ngong kwa vipimo, si kwa kukisia kutoka kwenye ramani ya kanda nzima.

Lugha nayo ina njia zilizokwisha kutengenezwa. Huko Suswa, mwisho wa barabara hiihii, kipo kituo cha redio cha Oltoilo Le Maa, kilichoanzishwa chini ya mpango wa RANET wa Idara ya Hali ya Hewa ili utabiri usikike kwa Kimaa. Bunyore, magharibi mwa nchi, wataalamu wa Idara na wa ICPAC wamekaa na ukoo wa Nganyi, ambao kwa vizazi umesifika kwa kusoma dalili za mvua, wakalinganisha maelezo ya pande mbili na kutoa utabiri mmoja ambao watu waliuamini kwa kuwa waliwajua waliousema. Idara ina wakurugenzi katika kaunti, na vikao vya namna hiyo, ambapo mtabiri, wazee, maafisa wa mifugo na wakulima hupanga pamoja la kufanya kwa kila fungu la uwezekano, vimefanyika katika kaunti kadhaa. Wazee wa Kimaasai wanaotazama nyota za Kilimia zikizama, upepo ukigeuka na matumbo ya mbuzi aliyechinjwa hawako pale kushindana na setilaiti. Wanajua korongo lipi hujaa kwanza na ng'ombe hukimbilia wapi, na setilaiti haijui.

Yapo mapingamizi ya kweli. Mtabiri akitaja mtaa kwa jina na mvua ikapita pembeni, atachekwa na mara nyingine atalaumiwa kwa hasara. Onyo la uongo likirudiwa huzoesha watu kupuuza. Ndiyo maana asilimia ni lazima zitajwe kila mara, na ndiyo maana baada ya kila msimu Idara inapaswa kurudi kwa walewale iliowatabiria na kusema lipi lilitimia na lipi halikutimia. Watu husamehe kosa lililoelezwa. Na gharama ya kikao, vipimamvua na dakika kumi za redio kila jioni ni ndogo mno ikiwekwa kando ya milioni 2.5 za mifugo.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitaka Machi 2022 kwamba kila mtu duniani awe amefikiwa na mfumo wa tahadhari za mapema kufikia mwisho wa 2027. Kajiado haina haja ya kusubiri dunia. Utabiri wa vuli huwa tayari kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba. Katika wiki mbili zinazofuata, Serikali ya Kaunti na Idara ziitishe kikao Kimuka, na kingine Kitengela, wakiwemo wazee, machifu, kina mama wanaofuga mbuzi na kuku, wenye mabanda ya maua na madaktari wa mifugo. Asilimia tatu zisomwe kwa Kimaa na Kiswahili. Kila silanga na kila kivuko kikaguliwe, na kilichoziba kizibuliwe kabla ya Oktoba. Bajeti ya kaunti itenge fungu la fedha linaloanza kutumika lenyewe NDMA inapotangaza hatua ya tahadhari, bila kusubiri ya dharura. Na kuanzia tone la kwanza, kila jioni, redio iseme kwa jina la mahali: leo usiku mvua ya baridi na upepo vitashuka kutoka vilimani, ndama na kondoo waliokonda waingizwe ndani, na korongo la chini lisivukwe kabla ya saa nne asubuhi.